Prado ya 95 na rimu za 17: shajara ya gereji, Mei hadi Agosti

Gari ni Toyota Prado KZJ95, dizeli, injini ya 1KZ-TE, gia za mkono. Niko Arusha. Matairi ya kiwandani ni 265/70R16. Ninachotaka ni rimu za inchi 17 na tairi refu kidogo kuliko la sasa, lisilosugua popote, hata gari likiwa limejaa watu na mizigo na usukani umekatwa hadi mwisho. Kazi iwe imekamilika kabla ya tarehe 9 Agosti, siku ya harusi ya shemeji yangu kule Engaruka.

3 Mei

Juzi tumerudi kutoka ukweni na tairi la mbele kulia limechanika ubavu. Ni kati ya Selela na Engaruka, kwenye korongo ambalo mvua za Aprili zimelichimba upya. Nilibadilisha tairi peke yangu, watoto wamekaa chini ya mgunga wakiniangalia.

Leo nimesoma namba za tarehe kwenye matairi yaliyobaki: 1116, yaani yalitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2016. Miaka tisa. Mpira wake una nyufa ndogondogo kama kisigino kilichokosa mafuta. Nilikuwa naangalia kina cha kashata tu, yaani ile michongo ya tairi, kumbe umri nao unahesabika. Yote matano yanatoka.

10 Mei

Nimekaa na daftari na kikokotoo. Tairi la 265/70R16 lina upana wa milimita 265. Ubavu wake ni asilimia 70 ya hapo, milimita 185.5. Zidisha mara mbili, jumlisha rimu ya inchi 16 ambayo ni milimita 406.4, unapata kimo cha milimita 777.4.

Nikapima wagombea wengine kwa hesabu hiyohiyo. 265/60R18 inatoa milimita 775.2, karibu kimo kilekile cha zamani, ila ubavu unashuka hadi 159. Gari linapendeza mjini, lakini kwa mawe ya Selela hapana. Ubavu ndio mto wa gari. Ukiupunguza, jiwe linakutana na rimu. 265/75R16 inatoa 803.9. 265/70R17 inatoa 802.8, na ubavu wake unabaki 185.5, sawasawa na nilionao sasa. Hapo ndipo nilipopata nilichokuwa natafuta: rimu inakua inchi moja, tairi linakua inchi moja, ubavu haupungui hata milimita.

Ongezeko la kimo ni milimita 25.4, na nusu yake tu ndiyo inayonyanyua gari, milimita 12.7. Wanaosema "weka tairi kubwa gari lipande" wajue hiyo. Nafasi ya chini inayopatikana kwa tairi peke yake ni ndogo.

17 Mei

Leo ni siku ya ofseti, na hapa nitaandika kwa kirefu, kwa sababu kila gari ninaloliona mjini likiwa na plastiki za fenda zilizoliwa, tatizo lake liko hapa. Watu wanauliza "tairi namba ngapi linaingia?" Namba ya tairi ni nusu ya swali. Tairi lilelile linaweza kukaa safi kwenye rimu moja na kusaga chuma kwenye nyingine.

Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale rimu inapokaa kwenye habu, kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa. Ikiwa ya kujumlisha, rimu inaingia ndani kuelekea shokapu na amu, ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu. Ikiwa ya kutoa, rimu inatoka nje ya fenda. Nimefungua rimu yangu moja na kuigeuza. Baada ya kusugua tope nimesoma 16x7 na ofseti ya 15.

Upana wa inchi 7 ni milimita 177.8, nusu yake 88.9. Kwa ofseti ya 15, mdomo wa ndani uko milimita 103.9 kutoka habu, na wa nje 73.9. Sasa nalinganisha na rimu ya 17x8, ambayo nusu yake ni 101.6:

Ofseti 20: ndani 121.6, nje 81.6.
Ofseti 10: ndani 111.6, nje 91.6.
Ofseti 0: ndani 101.6, nje 101.6.
Ofseti ya kutoa 20: ndani 81.6, nje 121.6.

Ya mwisho inatoka nje karibu milimita 48 zaidi ya rimu yangu. Ndiyo inayopendwa, kwa sababu gari linaonekana limepanua kifua. Lakini tairi la mbele halikai limenyooka siku zote. Ukikata kulia, tairi la kulia halizunguki mahali pake. Kwa kuwa liko nje ya mhimili wa usukani, linarudi nyuma. Kila milimita 10 unazolisogeza nje, linarudi nyuma milimita 5 hadi 6 zaidi usukani ukiwa umekatwa kama digrii 35. Na nyuma ya tairi la mbele la Prado kuna pembe ya chuma ya chesisi inayobeba bushi ya bodi. Hiyo haina plastiki, haikunjiki. Tairi likiifikia, linaliwa bega.

Kuna pia wanaochukua rimu za 17 za Prado 120, zenye upana wa 7.5 na ofseti ya 30. Matundu ni yaleyale sita kwenye duara la milimita 139.7. Ila mdomo wa ndani unaingia milimita 21 zaidi ya wa kwangu, kuelekea amu ya juu, ndiyo maana wengine wanaongeza spesa, kipande kinachokaa kati ya habu na rimu. Mimi spesa sitaki. Nati zangu ziko sita kila tairi na nataka zishike rimu moja kwa moja kwenye habu.

Nimeamua 17x8, ofseti 10. Katikati ya tairi inatoka nje milimita 5 tu, na upana wa ziada wa rimu unagawanyika pande mbili.

24 Mei

Nimeenda kwenye duka moja la rimu mjini. Kijana wa pale ni mkarimu, amenikaribisha kiti na soda. Nikamwambia nataka ofseti 10. Akasema, "Bosi, hizi zinaingia Prado zote, tumeshafunga nyingi." Nikaomba anigeuzie moja. Nyuma yake imeandikwa ofseti ya kutoa 20.

Nikamwomba tufunge moja tu, mbele kulia, na tairi la 265/70R17 la dukani. Gari limesimama, usukani umenyooka: nafasi tele, linapendeza kweli. Tukawasha, nikakata kulia taratibu. Nusu ya usukani haijafika, nikasikia *krrr*. Plastiki ya ndani ya fenda. Nikaongeza kidogo, tairi likagusa ile pembe ya chuma na usukani ukagoma.

Kijana akasema hiyo pembe inakatwa na kuchomelewa bapa, na ile plastiki inatolewa, "haina kazi." Nimekataa yote mawili. Ile pembe inabeba bodi. Ukikata kona yake na kuifunga vizuri kwa bapa, kazi inaweza kudumu, nimeiona kwenye magari ya porini yenye matairi ya 285. Mimi sihitaji tairi la namna hiyo, kwa hiyo sina sababu ya kupeleka grainda kwenye chesisi. Na ile plastiki ina kazi: inazuia tope na mawe yasipige nyaya na vyuma vya ndani ya fenda.

Nimelipa pesa ya kufunga na kufungua, tumeagana vizuri.

7 Juni

Kabla ya kununua chochote nimepima urefu kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, gari likiwa kwenye sakafu ya zege pale kwa fundi wangu, mtaa wa Unga Limited. Mbele kulia kumelala milimita 14 kuliko kushoto. Springi zimechoka, na za upande wa dereva zimechoka zaidi. Hii nayo ni kitu ambacho watu wanaruka. Wanafunga tairi refu kwenye gari lililolala, kisha wanalaumu tairi.

Springi mpya za mbele na nyuma, na shokapu nne. Fundi alitaka tunyanyue inchi tatu. Nikamwambia, "Fundi, mbele hapa kuna ekseli zinazozunguka kwa pembe. Tukizidisha, sivijointi, viungo vyake, zinalia na buti zake za raba zinapasuka." Akatafakari, akasema, "Sawa kaka, basi inchi moja na robo." Tumekubaliana hapo, kama milimita 30. Sasa kushoto na kulia zinakaribia kulingana, tofauti ni milimita 2 tu.

21 Juni

Rimu zimepatikana: 17x8, ofseti 10, tundu la katikati milimita 110. Matairi ni 265/70R17 ya AT (ya lami na vumbi), mapya, namba za tarehe za mwishoni mwa 2024, na yote matano ya kundi moja. Prado hii inaendesha magurudumu manne wakati wote, kwa hiyo sitaki vimo tofauti vinavyoifanya difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ifanye kazi hata barabara ikiwa imenyooka.

Rimu na tairi moja nimepeleka kwenye mizani ya jirani anayenunua mahindi. La zamani kilo 28, jipya kilo 35. Kilo saba kila pembe ya gari si kidogo. Breki na shokapu zitazihisi.

Sasa jaribio lenyewe, na hili ningependa kila mtu alifanye kabla ya kufunga manne. Fundi alitoa shokapu ya mbele kulia, akaondoa springi, akairudisha shokapu tupu. Tukafunga tairi jipya, kisha tukaweka jeki chini ya amu ya chini na kuipandisha taratibu hadi amu ikagonga raba yake ya kuzuia. Hapo gurudumu limefika mahali linapofika gari likitumbukia kwenye shimo kwa nguvu zote. Zaidi ya hapo haliendi, labda raba ibonyee kidogo.

Kupima nafasi tulitumia unga. Mke wangu alikuwa amekanda wa chapati asubuhi, nikamwomba donge. Nikabandika kipande kwenye ile pembe ya chuma, kingine karibu na stabilaiza, ile fito inayozuia gari lisilale kwenye kona, kingine kwenye amu ya juu mkabala na ubavu wa tairi, nikifunika kwanza na nailoni ili usigande. Fundi akakata usukani kulia hadi mwisho, akarudisha kushoto hadi mwisho. Kisha nikavikata vile vipande kwa wembe, katikati ya alama ya tairi, na kupima unene uliobaki kwa rula ya mtoto.

Pembe ya chuma: milimita 11. Stabilaiza: 8. Amu ya juu: 9.

Niliiangalia ile milimita 11 muda mrefu. Alama za kashata zilikuwa zimechapwa kwenye unga, kila mfereji unaonekana. Nafasi ipo, lakini tairi likijaa tope la mfinyanzi au jiwe dogo likikwama kwenye kashata, milimita 11 zinaisha. Nataka zaidi upande huo.

Kwenye plastiki ya nyuma ya fenda, chini, tairi liligusa. Si sana, upana wa vidole viwili.

28 Juni

Yote manne yamefungwa. Nati zilinipotezea asubuhi nzima, na ninaandika ili mwingine asipoteze. Rimu zangu za kiwandani zinatumia nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu zangu mpya zina matundu yenye umbo la koni. Nati za zamani zinaingia, zinakaza, kila kitu kinaonekana sawa, ila washa inakaa juu ya koni bila kuishika. Safari mbili tatu nati inalegea yenyewe. Tukaenda kununua nati za koni, uzi ule ule wa 12 kwa 1.5, tukakaza kwa toki ya Nm 110 kwa mtindo wa kuvuka, moja ya juu, moja ya chini.

Jioni nimetoka nalo barabara ya Namanga. Kuanzia 85 hadi 95 usukani unatetemeka mkononi. Balansi ilikuwa imefanywa leo hii hii.

29 Juni

Nimegundua. Habu ya Prado ni milimita 106, tundu la rimu ni 110. Gurudumu linakaa kwa kutegemea nati tu, na likikazwa gari likiwa limeshaegemea upande mmoja linakaa nje ya kati kwa nywele. Pete za kati za 110 kwa 106 zimepatikana kwa fundi wa kukereza vyuma. Amezikata za alumini, nne, kwa muda wa chai. Nimezipaka grisi kidogo zisigande na kutu. Nimefunga tena tairi likiwa hewani, nikalegeza jeki, nikamalizia kukaza. Barabara ileile, spidi ileile, usukani umetulia kama maji ya mtungini.

5 Julai

Alaimenti. Nilimwomba fundi wa mashine kitu kimoja: kamu, zile bolti za kurekebishia amu ya chini, azisukume zipeleke gurudumu mbele kadiri vipimo vya kasta, yaani mwegemeo wa mhimili wa usukani, vinavyoruhusu, pande zote sawa. Alielewa mara moja. Gurudumu limesogea mbele milimita 5. Tumerudia jaribio la unga, mara hii kwa kupandisha tairi la kulia kwenye rundo la mbao na kukata usukani. Springi haijabanwa kama siku ile, kwa hiyo siwezi kulinganisha moja kwa moja, ila pembe ya chuma sasa iko mbali kwa jicho, na usukani pia umekuwa mzito kidogo katikati, unarudi wenyewe vizuri baada ya kona. Kasta ndiyo inafanya hivyo.

Ile plastiki iliyoguswa tumeipasha moto na kuisukuma nyuma kwa gongo la mbao lililofungwa tambara, ikapoa tukiwa tumeishikilia. Kona moja ya chini nimeikata kwa kisu, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Raba ya kuzuia matope imerudi milimita 20 nyuma kwa tundu jipya.

13 Julai

Spidi. Tairi jipya ni refu kwa asilimia 3.3. Zamani dashibodi ikisoma 80, simu ilikuwa inasoma 76. Leo dashibodi ikisoma 80, simu inasoma 79 kasoro kidogo. Kwa hiyo dashibodi iliyokuwa inazidisha sasa iko karibu na ukweli, na ule mwanya wa kukwepa tochi ya trafiki umeisha. Penye 50 nasoma 48. Kilomita za safari nazo: dashibodi ikihesabu 100, nimetembea 103, nisije nikadhani gari limeanza kunywa.

Mlima wa kutoka Mto wa Mbu kupanda Manyara nilioujaribu jana unataka gia ya tatu mapema kidogo kuliko zamani. Sioni tatizo.

Spea iko mlangoni nyuma. Imeenea, kati yake na bampa panapita kidole kimoja. Ila kilo saba za ziada ziko kwenye bawaba za mlango, na bawaba ya chini ina mchezo. Nimeagiza pini na bushi zake.

8 hadi 11 Agosti

Kabla ya kuondoka nimechukua chaki ya shule na kupaka plastiki zote nne za fenda, ile pembe ya chuma, na stabilaiza. Chaki nyeupe, nene. Gari: watu saba, magunia mawili ya mchele, sufuria za harusi juu ya paa. Upepo 36 mbele, 38 nyuma kwa lami.

Makuyuni, Mto wa Mbu, kisha vumbi. Mto wa Mbu nimeshusha upepo hadi 26 kote. Selela tumefika saa tisa. Korongo lilelile la Aprili limekauka, kingo zake zimekuwa kama ngazi. Nilishuka, nikalitembea kwa miguu, nikachagua upande wa kushoto. Shemeji akasimama ng'ambo kuniongoza kwa mkono. Mbele kulia ikazama, usukani umekatwa kulia, mzigo wote umeegemea pale pale. Nilizima redio nisikilize. Kokoto chini ya tairi, springi ikilalama, hakuna kingine. Tukapanda ng'ambo.

Mama mkwe alipoona gari alizunguka lote mara moja, akagusa tairi kwa fimbo, akasema, "Sasa mtafika mapema." Harusi ilikuwa nzuri, tulikula hadi usiku.

12 Agosti

Nimerudi, nimelala chini ya gari na tochi kabla ya kuosha. Chaki ya pembe ya chuma ipo yote pande mbili, imefunikwa na vumbi tu. Stabilaiza ipo. Fenda za nyuma zipo. Mbele kushoto, plastiki ya chini, chaki imefutika urefu wa kidole gumba, na plastiki imeng'aa kidogo. Upande wa kushoto sikuukata kona kama wa kulia, nilidhani hautahitaji.

Ubavu wa matairi hauna jeraha. Kuna jiwe moja jeusi limekwama kwenye kashata ya mbele kulia, limechomoza milimita 6 hivi, na bado halikugusa chuma. Nimelitoa kwa bisibisi na kuliweka kwenye droo ya gereji.

16 Agosti

Kona ya kushoto imekatwa, ukubwa uleule. Nati zote 24 nimezikagua kwa toki, mbili za nyuma kushoto zimekubali robo mzunguko, nyingine zimekaa. Bawaba za mlango zimefungwa pini mpya, mlango haushuki tena ukifunguliwa. Rimu za zamani amechukua jirani mwenye Prado kama yangu, matairi nimeyatoboa yasiuzwe kwa mtu mwingine kama mazima. Kuzungusha matairi, mbele kwenda nyuma, dashibodi ikifika 214,600.